Kolajeni huchukua muda gani? Mwongozo wa kuhesabu kwa hina

Juma lililopita mama mmoja aliweka mkebe wa kolajeni juu ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi, mwendo mfupi kutoka soko la Marikiti hapa Mombasa. Hakuununua kwetu. Akafungua kifuniko, akanionyesha unga ulioshuka chini ya nusu, akasema: "Mwanangu, siku ya kumi na mbili leo. Vijiko viwili asubuhi, viwili usiku. Na uso ni ule ule. Nimeibiwa?"

Aliyemuuzia alimwahidi siku 7.

Nikamwangalia mikono. Viganja vilikuwa vyeupe kabisa, lakini kucha bado zilikuwa na hina nyekundu iliyokolea, na chini ya kila ukucha palikuwa na mwezi mdogo usio na rangi, kama urefu wa punje ya mchele. "Bi, hina hii ulipaka lini?" Akaniambia usiku wa kuamkia Idi. Miezi miwili, basi. Nikamwomba atazame mikono yake mwenyewe: kiganja kimeshasahau Idi, ukucha bado unaikumbuka, na sehemu pekee ya ukucha iliyoota tangu siku ile ni huo mwezi mdogo. Nikamwambia kwamba anachokisubiri hakiwezi kwenda mbio kuliko mwili wenyewe unavyoota.

Tuliongea nusu saa. Haya hapa chini ni yale niliyomweleza, kwa mpangilio, pamoja na mengine ambayo sikuwahi kuyasema kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kwa mwenye haraka: waliopata nafuu ya ngozi kwenye majaribio waliipata baada ya wiki 8 hadi 12. Kucha, miezi 4 hadi 6. Magoti na viungo, miezi 3 hadi 6. Mifupa, mwaka. Nywele sizitolei ahadi, kwa kuwa ushahidi wake ni mwembamba mno.

Hatua ya 1: Jua unasubiri nini

Kolajeni ni protini inayoushikilia mwili: ngozi, mifupa, kano, gegedu (mfupa laini wa kwenye viungo), hata kuta za mishipa ya damu. Karibu asilimia 30 ya protini yote mwilini ni yenyewe. Ukiinywa haiendi moja kwa moja usoni. Tumbo na utumbo huikatakata ikawa asidi amino na minyororo mifupi inayoitwa peptidi, na baadhi ya peptidi hizo huonekana kwenye damu baada ya saa 1 au 2. Wanaoitetea kolajeni wanasema peptidi hizo huzishtua chembe za ngozi na gegedu zianze kufuma kolajeni mpya. Kushtuka ni kwa saa chache. Kufuma ni kazi ya wiki na miezi, na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Rudi kwenye hina. Ya kiganjani na ya mguuni hufifia ndani ya wiki 2 au 3 kwa sababu tabaka la juu la ngozi hubambuka kidogo kidogo na kutoka na rangi. Kolajeni haipo kwenye tabaka hilo. Ipo chini zaidi, ambako hina haifiki, na huko mambo huenda polepole sana: mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walikadiria kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua takribani miaka 15 kubadilishwa, na ile ya gegedu miaka 117. Soma tena hiyo ya gegedu. Gegedu ulilo nalo gotini utazeeka nalo. Kwa hiyo mtu akikuahidi gegedu jipya kwa mkebe mmoja, mwage kwaheri kwa adabu. Kinachowezekana ni maumivu kupungua, na kwa mwenye magoti yanayouma hilo si jambo dogo.

Kucha na nywele zenyewe si kolajeni, ni keratini, protini nyingine. Ukucha wa mkono hurefuka kama milimita 3 kwa mwezi. Ule unaoukata leo ulitengenezwa miezi minne au mitano iliyopita, kabla hujajua hata jina la mkebe ulioununua. Hauwezi kuwa imara kwa sababu ya kitu ulichokunywa jana.

Hatua ya 2: Usome mkebe kabla ya kulipa

Tafuta gramu. Mkebe wa gramu 300 ukinywa gramu 10 kwa siku unakwisha siku ya 30, ukinywa 2.5 unakupeleka siku 120. Hesabu hii ifanye pale pale dukani, kwa sababu bei ya mkebe haina maana mpaka uigawe kwa siku. Vidonge ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi. Kikiandikwa miligramu 500, unahitaji vidonge 5 kupata gramu 2.5, na vidonge 20 kupata gramu 10. Nimeona wateja wakimeza kimoja kwa siku kwa miezi mitatu, na hiyo ni sehemu ya tano tu ya zile gramu 2.5 zilizojaribiwa kwa ngozi.

Kisha tafuta mnyama. Kolajeni hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, kwenye ngozi na magamba ya samaki, na kwenye ngozi ya nguruwe. Hapa Mombasa wengi wetu hatuwezi kulipita swali hilo, na kusema "ya ng'ombe" peke yake hakumalizi jambo, maana kuna kuchinjwa. Tafuta alama ya halali ya taasisi unayoitambua, au chagua ya samaki. Angalia pia ganda la kidonge: mara nyingi ni jelatini (kolajeni iliyopikwa, inayoganda ikipoa), na jelatini nayo ina mnyama wake. Mkebe usiotaja mnyama urudishe rafuni. Anayedhurika na samaki aache ya samaki.

Alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), tarehe ya mwisho na jina la aliyeingiza bidhaa nchini viwepo. Unga uliopimwa upya na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni usinunue, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Kuna jaribio dogo la nyumbani ninalolipenda. Koroga vijiko viwili vya unga kwenye kikombe cha maji moto yasiyojaa, acha ipoe, weka kwenye friji usiku kucha. Ukiamka ukute imeganda na inatikisika, hiyo ni jelatini. Ikibaki majimaji, ni kolajeni iliyokwisha kukatwa peptidi, ile iliyotumika kwenye majaribio mengi ya ngozi. Jelatini si mbaya, lakini usiinunue kwa bei ya peptidi.

Krimu za kolajeni nitazipita upesi. Molekuli nzima ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Inalainisha kwa juu kama krimu nyingine yoyote, basi.

Hatua ya 3: Weka alama ya siku ya kwanza

Hatua hii huchukua robo saa, na wanaoiruka ndio wanaorudi kwangu baada ya miezi mitatu wakisema "sijui kama imenisaidia au la".

Kwa uso, piga picha asubuhi kando ya dirisha lile lile, saa ile ile, bila vipodozi na bila kichujio cha simu. Nasema asubuhi kwa sababu mchana wa kaskazi uso wa kila mtu hapa unang'aa kwa jasho na mikunjo inajificha. Ukilinganisha picha ya mchana na ya alfajiri utajidanganya bila kukusudia.

Kwa kucha, paka hina kwenye ukucha wa kidole kimoja siku unayoanza kunywa. Ipake mpaka shinani, ikolee. Hiyo ndiyo rula yako. Kilicho chini ya mstari kimeota ukiwa unatumia kolajeni, kilicho juu yake ni cha zamani. Huna haki ya kuisifu wala kuilaumu mpaka sehemu isiyo na rangi ifike ncha, na hapo ni miezi 4 hadi 6. Wanaume wasioweka hina waandike tarehe, ingawa wanaweza kuipaka kwenye kidole kidogo cha mguu, ambacho hakina wa kukiona (ila ukucha wa mguu huenda taratibu zaidi, mwaka au mwaka na nusu mpaka ukwishe).

Kwa magoti, chagua kazi moja unayoifanya kila wiki na uipe maumivu namba kutoka 0 hadi 10. Mteja wangu mmoja hutumia mteremko wa feri ya Likoni, kwa kuwa anaushuka kila siku na hawezi kuukwepa. Mwingine hutumia kusujudu na kuinuka. Andika namba kila Ijumaa. Kumbukumbu ya maumivu ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Lililouma jana hufunika yote yaliyopita.

Hatua ya 4: Kunywa kila siku, na usisahau ndimu

Kwa ngozi na kucha, gramu 2.5 hadi 5. Kwa viungo, 10. Kwa mifupa ya wanawake waliokoma hedhi, waliojaribiwa walikunywa 5 kwa mwaka mzima. Mara mbili ya kiwango haikufikishi nusu ya muda. Yule mama wa vijiko vinne alikuwa anamaliza pesa tu.

Saa ya kunywa haijalishi. Tia kwenye chai ya rangi, kwenye uji, kwenye maji. Moto wa chai hauharibu peptidi. Ramadhani inywe wakati wa daku au baada ya futari, ila usiruke. Anayefanya mazoezi mazito ya kano ndiye pekee mwenye sababu ya kutazama saa: jaribio dogo la mwaka 2017 liliwapa vijana 8 gramu 15 za jelatini pamoja na vitamini C saa moja kabla ya kuruka kamba, na alama za utengenezaji wa kolajeni kwenye damu zikapanda maradufu. Watu 8 ni wachache, lakini kula kabla ya zoezi hakugharimu kitu cha ziada.

Unga huu hunyonya unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani, kijiko chenye maji kikiingia mara moja tu, baada ya wiki unakuta mabonge yaliyoshika kama sukari guru. Tumia kijiko kikavu, funga sana, weka kabatini mbali na jiko.

Sasa vitamini C, na hapa naomba unipe subira, kwa sababu habari yenyewe ni ya mji wetu. Mwili hauwezi kuifuma kolajeni imara bila vitamini C. Ikikosekana kwa miezi, kolajeni mpya hutoka legelege: fizi huvimba na kutoka damu, vidonda vya zamani hufunguka, miguu hujaa. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye, uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Meli za Vasco da Gama zilipofika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, zilikuwa na wagonjwa wa namna hiyo tangu pwani ya Msumbiji. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo mmoja, na machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, na mmoja wa wasafiri hao aliandika kwamba wagonjwa wao wote walipata afya hapa. Yeye alishukuru hewa nzuri ya mji. Mimi naona yalikuwa machungwa na ndimu zetu. Miaka 249 baadaye, mwaka 1747, daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aligawa mabaharia 12 wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na ndimu walikuwa na nafuu kubwa ndani ya siku 6.

Siku 6, zingatia. Mwenye upungufu wa kweli huona mabadiliko haraka, kwa sababu kilichokosekana kimerudi. Asiye na upungufu, kolajeni ya ziada humwongezea kidogo, polepole. Ndiyo maana kabla ya kununua mkebe nauliza watu wanakula matunda gani. Pera moja, embe, machungwa mawili, au unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji yasiyo ya moto hutosha kwa siku. Mabuyu mekundu ya dukani ni habari nyingine: yamepikwa kwa sukari na moto, na sukari nyingi huifanya kolajeni ya mwilini iwe ngumu na ikose mnyumbuko. Yaleni kwa hamu, msiyahesabu kuwa dawa.

Hatua ya 5: Fuata kalenda, usifuate kioo

Wiki ya 1 na ya 2 hutaona kitu cha kolajeni. Wengine huhisi tumbo kujaa au ladha ya samaki mdomoni. Wengine huona ngozi imenawiri, na mara nyingi ni kwa sababu wameanza kunywa maji zaidi pamoja na unga. Hilo lina faida yake, lakini usilipe kolajeni sifa isiyo yake.

Wiki ya 4, piga picha ya pili na usiifungue karibu na ya kwanza. Bado mapema.

Wiki ya 8 ndiyo ya kwanza yenye uzito. Mwaka 2014 Ujerumani, wanawake 69 wa miaka 35 hadi 55 walipewa gramu 2.5 au 5 za kolajeni au unga usio na dawa, kwa wiki 8, na waliokunywa kolajeni ngozi yao ilinyumbuka vizuri zaidi ilipopimwa kwa mashine. Mashine hupima kitu ambacho huenda shoga yako asikigundue.

Wiki ya 12, weka picha ya kwanza na hii pamoja, mpe mtu asiyejua ipi ni ipi, mwulize ngozi ipi ni nzuri zaidi. Akikosa au akisita, una jibu lako la ngozi.

Wiki ya 24 ni ya kucha na viungo. Chuo kikuu cha Penn State, Marekani, mwaka 2008 kiliwafuata wanamichezo 147 kwa wiki 24, baadhi wakinywa gramu 10 kila siku, na maumivu ya viungo yalipungua kwa waliokunywa kolajeni kuliko wengine. Kwa kucha, Brazil mwaka 2017 watu 25 walitumia gramu 2.5 kwa wiki 24 na kucha zikavunjika kidogo kuliko awali, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo lichukue kwa tahadhari.

Na sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwaka 2025 yalichapishwa mapitio ya majaribio 23 yenye watu 1,474. Yalipojumlishwa yote, kolajeni ilionekana kusaidia unyevu, mnyumbuko na mikunjo ya ngozi. Yalipotengwa yale yasiyolipiwa na kampuni za dawa, nafuu ile haikuonekana. Naifanya kazi ya kuuza vitu hivi na bado naona ni haki yako kulijua hili kabla ya kutoa pesa ya karo au ya kodi. Mwenye pesa ya ziada ajaribu kwa wiki 12 na apime. Mwenye kubana matumizi hajakosa kitu akiacha.

Hatua ya 6: Ziba tundu la ndoo

Unaweza kuongeza kijiko kimoja cha kolajeni kila asubuhi na kuendelea kuipoteza nyingine kabla ya adhuhuri. Mombasa ipo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na miale ya jua huamsha vimeng'enya vinavyoikata kolajeni ya ngozi. Mwangalie dereva aliyeendesha miaka mingi: upande wa uso wake ulioelekea dirishani mara nyingi umekunjamana kuliko wa pili. Mwavuli, kofia pana, mtandio, na losheni ya kukinga jua kwa uso na mikono, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Sigara nayo inakata.

Lakini linaloniumiza moyo zaidi ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina dawa kali za steroidi, na steroidi zikipakwa kwa miezi huzuia ngozi kutengeneza kolajeni. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya chapati, mishipa inaonekana, mikwaruzo haiponi. Nimemwona binti wa miaka 23 akinunua kolajeni kwa ajili ya mashavu aliyokuwa akiyapaka mkorogo jioni ile ile. Kama unatumia, usiache ghafla peke yako, maana ngozi hulipuka kwa vipele na kuwaka moto. Nenda kwa daktari wa ngozi akupunguzie kwa utaratibu.

Hatua ya 7: Weka siku ya kuamua, na uiheshimu

Andika tarehe chini ya mkebe siku ya kwanza: ya ngozi wiki ya 12, ya viungo na kucha wiki ya 24. Ikifika na picha, namba na ukucha havijasema kitu, acha. Usibadilishe chapa na kuanza hesabu upya, mtego huo umewala wengi. Ikiwa imesaidia, jua kwamba ukiacha, faida inaweza kupungua taratibu, kwa hiyo panga kama utaendelea na kwa bei gani.

Wengine waulize daktari kabla hata ya kijiko cha kwanza: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye figo dhaifu aliyeambiwa apunguze protini, na aliyewahi kutoka mawe ya figo ya oksaleti, kwa sababu sehemu ya kolajeni mwilini hugeuka oksaleti. Goti lililovimba, lenye joto, au linalouma usiku halingoji wiki 24. Mzee asifanye kolajeni kuwa chakula chake cha protini, kwani inakosa asidi amino moja muhimu, triptofani. Samaki, maharagwe, mayai na pojo vibaki kwenye sahani.

Mnaoniuliza kuhusu supu ya kongoro: ndiyo, ina jelatini nyingi, ndiyo maana ikipoa inaganda sufuriani. Gramu zake huwezi kuzipima, lakini ni chakula halisi, na ndimu unayoikamulia juu ina vitamini C yake. Ondoa mafuta yanayoelea kama una presha.

Yule mama hakuomba kurudishiwa chochote. Nilimpunguzia kipimo kuwa kijiko kidogo kimoja, tukapima kwa mizani ya duka ikatoka gramu 4, na unga uliobaki ukawa wa wiki tano hivi badala ya siku tisa. Nikaandika tarehe mbili chini ya mkebe kwa kalamu ya wino mzito. Akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akasema huo atautia hina upya usiku huo huo. Nikamwambia pia, kama mstari wa hina utafika ncha na kucha bado zinapasuka, aje tumwandikie kipimo cha damu cha madini ya chuma na cha tezi ya shingo, kwa sababu upungufu huo nao hupasua kucha, na kolajeni haiutibu.